Fungu la Kumi na Mbili

Ukifika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ukauliza anapokaa fundi wa kujalidi vitabu, hutapotea. Kati ya ghorofa mbili ndefu, moja ya mabegi na nyingine ya mabeseni, kuna nyumba fupi ya bati lililoshika kutu, imebanwa kama mtu aliyekosa kiti msibani. Barazani pake, nyuma ya meza yenye makovu ya kisu, ndipo anaposhinda Mwinyimvua. Nyumba aliachiwa na bibi yake mzaa mama. Wenye ghorofa wamemfuata mara nyingi wakikitaka kiwanja, naye kila mara huwakaribisha vizuri, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaaga bila kusema ndiyo wala hapana. Wamechoka wenyewe.

Ana miaka hamsini na sita. Ni mrefu, hana haraka, kofia yake haijawahi kuonekana na doa, na vidole vyake vimekakamaa kwa gundi. Gundi hiyo huipika mwenyewe kila asubuhi kwa unga wa ngano, na yupo mpita njia aliyewahi kusimama akaomba amiminiwe kikombe cha uji huo. Kazi humfikia. Anapokea misahafu iliyochoka kwa kufunguliwa na misahafu iliyochoka kwa kutofunguliwa, vitabu vya nyimbo vya kwaya, na tasnifu za wanafunzi wanaokuja wanahema siku ya mwisho ya kukabidhi. Watu siku hizi wanasomea kwenye simu, na simu haijalidiwi, lakini Mwinyimvua halalamiki. Anakula vizuri, anaswali kwa wakati, usingizi haumsumbui. Ungemwona ungesema huyu bwana dunia imemwachia, hana linalomkera, na ungekuwa umekosea kidogo tu.

Lilikuwepo jambo, na lilikuwa ng'ambo ya barabara, na jina lake Badria.

Badria ana duka la vifaa vya mafundi cherehani: zipu, vifungo, bitana, nyuzi za kila rangi. Alilirithi kwa baba yake. Ni mjane wa Ridhiwani, dereva wa malori ya masafa marefu aliyefariki miaka kumi na minne iliyopita. Ana kicheko kinachosikika mpaka kwa wauza mabegi na ulimi ambao wateja wakorofi wanaujua. Kila siku saa nne asubuhi Mwinyimvua huvuka barabara kwenda kununua uzi, ingawa fundi mwenye akili timamu hununua uzi wa mwezi mzima kwa mara moja. Badria humsogezea kigoda na kummiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Wanazungumza habari za mtaa: nani kahama, ghorofa gani limepasuka ukuta, nazi zimepanda au zimeshuka. Chai ikiisha, Mwinyimvua huinuka, akaaga, akarudi barazani pake. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na minne. Mtaa ulikwisha kulijadili jambo hilo, ukacheka, ukahurumia, ukaliacha.

"Fundi amekufa ameoza kwa yule mama," alizoea kusema Elisaria, "ila amegoma kuzikwa."

Elisaria ni Mchaga wa Machame, muuzaji wa jumla wa mabeseni na ndoo katika lile ghorofa la mabeseni, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwinyimvua humwita Mangi, kama Dar es Salaam nzima inavyowaita wenye maduka waliotoka Kilimanjaro, naye Elisaria humwita Mwinyi. Kati yao kuna urafiki wa miaka ishirini na ugomvi mmoja, na ugomvi huo ni wa kitabu.

Kitabu kinaitwa *Mkalimani wa Boma*. Ni hadithi ya enzi za Mjerumani, iliyowahi kusomwa sana kisha ikasahauliwa. Kijana Sururu ni mkalimani katika boma la mji mmoja wa pwani. Mchana kutwa kinywa chake kimejaa maneno ya watu wengine, ya bwana mkubwa, ya wenye kesi, ya majumbe, na la kwake mwenyewe halimtoki. Anampenda Nunu, binti wa mkaguzi wa forodha, na anampenda kwa namna ambayo daktari angemlaza wodini. Nunu anaozwa mtu mwingine. Sururu hasemi neno. Anahamia nyumba inayotazamana na dirisha lake, anakaa humo miaka tisa, anakijua kikohozi chake na siku anazofua. Mume wa Nunu anafia vitani, na Sururu bado hasemi. Yanayofuata ndiyo yaliyowagombanisha majirani wawili.

"Nunu anakufa," husema Elisaria, aliyekisoma akiwa sekondari Moshi. "Homa inamchukua. Sururu anapagawa kaburini, anaingia baharini na nguo zake. Tulilia darasa zima, na mwalimu akiwemo."

"Mlisoma haraka," hujibu Mwinyimvua kwa upole. "Yale mazishi ni ndoto. Sururu mwenyewe ndiye aliyekuwa na homa. Mwishoni Nunu anafungua mlango, anamwambia karibu ndani, chai iko tayari. Wanaingia, wanafunga mlango, basi."

"Chai! Mwinyi, nani kakwambia mwisho kuna chai?"

"Mimi nimekisoma mara thelathini na tano, Mangi. Wewe je?"

Elisaria alikisoma mara moja, tena kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo hapo hurudi kwenye mabeseni yake ananung'unika.

Inabidi turudi nyuma kidogo, mwaka 1989, Mwinyimvua akiwa na miaka ishirini, anajifunza kazi kwa Fundi Abdulmajid. Huyo alikuwa mtu mkali ambaye hakuwahi kumsifu mtu wala kitu. Mteja alileta *Mkalimani wa Boma* kilichoachia mgongo, na Abdulmajid akampa kijana akifanye peke yake, kitabu chake cha kwanza. Kwa asiyeijua kazi hii, kitabu si karatasi mojamoja. Kitabu ni mafungu. Kila fungu ni karatasi zilizokunjwa pamoja zikawa kurasa kumi na sita, na fundi huyapanga mafungu kwa zamu, akayashona mgongoni, kisha akasawazisha kingo kwa kisu. Kijana alishona kwa mkono mzuri. Kisu ndicho kilichomponza. Alikata kwa pupa, akaondoka na pembe zote za juu, na namba za kurasa zikaenda na pembe. Mwenye kitabu alifoka, akakikataa palepale.

"Chako hicho," Abdulmajid alimwambia. "Kiweke kikufundishe."

Na kweli kikamfundisha. Alikisoma kwa siku mbili, akalia penye kulia, akafurahi alipofika kwenye chai. Hata neno MWISHO, lililopigwa chapa kwa herufi kubwa kurasa kumi na sita kabla ya jalada, halikumshtua. Aliamua kuwa ni mwisho wa majonzi. Wiki hiyohiyo alitumwa uzi dukani ng'ambo, akahudumiwa na binti wa mwenye duka, Badria, wa miaka kumi na minane, aliyempa uzi mweupe badala ya mweusi na kumcheka aliporudi kubadilisha.

Kijana mwingine angesema neno. Huyu alikwisha kusomeshwa na Sururu. Alikuwa na hakika kwamba anayependa kwelikweli hasemi, anangoja tu, na akingoja vya kutosha mlango hufunguka wenyewe. Badria alipoposwa na Ridhiwani, Mwinyimvua aliwajalidia msahafu kwa ngozi nyekundu, akaupeleka harusini, akala pilau. Moyo ulimuuma sana. Lakini si Nunu naye aliozwa? Alijiona yuko kwenye ukurasa unaostahili.

Baadaye mama yake alimwoza Zulekha, mwanamke mzuri wa Temeke, na ndoa ikadumu miaka miwili. Siku ya kufungasha, Zulekha alisema bila hasira, "Fundi, ndani ya nyumba hii tuko wanawake wawili, na mwenzangu ni wa karatasi." Leo ana wajukuu wengi, na akipita Kariakoo humsalimia Mwinyimvua kama ndugu. Kati ya mambo yote ya maisha yake, hilo peke yake ndilo Mwinyimvua alilolionea haya.

Ridhiwani alipofariki na eda ya Badria ikaisha, Mwinyimvua alijua kuwa sasa wamekaribia. Zilibaki kurasa chache. Akaanza kwenda kununua uzi kila siku.

*

Jumatatu moja ya mwezi wa saba mwaka huu, Badria alivuka barabara mwenyewe. Jambo hilo halikuwa la kawaida, na wauza mabegi wawili waliacha kupanga mabegi ili waone vizuri.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Bi Badria. Umenifuata leo? Mbona saa nne bado?"

"Nimekuletea kazi." Akatoa kitabu ndani ya mfuko wa kitambaa, mgongo umeachia, uzi unaning'inia. Kilikuwa *Mkalimani wa Boma*. "Cha marehemu baba. Nakitaka kabla ya Ijumaa."

Mwinyimvua alikishika kwa mikono miwili. Miaka yote ya chai hakuwahi kukitaja kitabu hicho mbele yake, maana angekitaja angekuwa kama amesema. Kumbe kilikuwa ndani ya nyumba yake siku zote.

"Unakisoma?"

"Nakisoma, na kinaniudhi. Yule Sururu namchukia. Nikifika pale kwenye chai nakifunga, namtukana peke yangu, mpaka wajukuu wanaulizana bibi anagombana na nani."

"Kwenye chai?" Mwinyimvua alishangaa kweli. "Pale ndipo pazuri. Pale wamefika."

"Wamefika wapi? Fundi, kitabu kile kinaishia kaburini."

Mwinyimvua alitabasamu tabasamu la mtu anayewahurumia wanaosoma haraka. Hakubishana. Aliuliza tu kwa nini iwe kabla ya Ijumaa.

Badria aliangalia barabarani, ambako hakukuwa na cha kuangalia zaidi ya mkokoteni wa maji. "Fikirini wa mchele, yule wa Ilala, ameleta posa. Mjomba amenipa mpaka Ijumaa nijibu. Nimesema nikisome kwanza, nitulie."

Hapo, msomaji, ndipo mtu yeyote mwenye ulimi angeutumia. Mwinyimvua alichukua rula akapima mgongo wa kitabu. Akaupima tena, kana kwamba huenda umerefuka.

"Allah akujaalie kheri," akasema. "Kitakuwa tayari Alhamisi."

Badria aliukunja mfuko wake mtupu. "Haya, Fundi," akasema, akavuka. Saa nne ilipofika, chai ya siku hiyo haikuwa na tangawizi.

Usiku wake Mwinyimvua alilala vibaya, na kilichomkosesha usingizi ni kwamba jambo hili halikuwemo kitabuni. Nunu alikuwa ameolewa mara moja tu. Baada ya ujane hakukuwa na mtu wa mchele aliyeleta posa. Hakuwa na pa kufunua ili ajue lifuatalo.

*

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, aliketi kukifungua kitabu cha Badria. Alikata uzi wa zamani, akalilegeza fungu moja baada ya jingine, akayapanga mezani kwa zamu. Yalikuwa mafungu kumi na sita. Kazi hii mikono yake huifanya yenyewe, na macho hubaki huru kutangatanga. Yakaona namba. Kitabu hiki kilikuwa na pembe zake zote, na kwenye kila pembe namba ya ukurasa, ndogo, nyeusi, haina shaka.

Alilitafuta fungu la chai alisome kidogo, ajiliwaze. Akaliona si la mwisho. Lilianza ukurasa wa 177.

"Wachapaji wamekosea," alisema peke yake.

Akaingia ndani akatoa kitabu chake, akakilaza kando ya kile. Akafunua huku, akafunua kule. Neno kwa neno vilikuwa sawa mpaka mwisho wa fungu la kumi na moja, pale Sururu anapokaa kwenye baraza inayotazama mlango wa Nunu. Kisha vikaachana. Katika kitabu cha Badria, fungu la kumi na mbili lilianza kwa mlango kufunguka. Katika kitabu chake yeye, lililofuata lilikuwa la kumi na tatu, na lile la kumi na mbili lilikuwa nyuma kabisa, baada ya homa, baada ya kaburi, baada ya neno MWISHO, limeshonwa kwa uzi wa mwaka 1989 na fundo la mkono wake mwenyewe.

Aliwalaumu wachapaji kwa dakika tano zaidi. Kisha akamlaumu marehemu Abdulmajid, Mungu amrehemu, kwa kutokagua kazi. Baada ya hapo hakukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Akakisoma kwa zamu yake ya kweli, kwa mara ya kwanza maishani. Nunu, mjane, anafungua mlango, anasema, karibu ndani Sururu, chai iko tayari. Sururu anaingia. Nunu anaufunga mlango nyuma yao. Ndivyo ukurasa wa 192 unavyokwisha, na ndipo palipokuwa mwisho wake Mwinyimvua, raha mustarehe, kwa miaka thelathini na sita. Akachukua fungu la kumi na tatu. Ukurasa wa 193, mstari wa kwanza: *Chai ilipokwisha aliinuka, akaaga, akaondoka, bila kusema lililomleta.*

Mstari huo aliujua kwa moyo. Siku zote alidhani Sururu ameinuka pale barazani, kwamba chai hiyo alikunywa kwake peke yake. Kumbe alikuwa ameinuka kwenye kigoda cha Nunu. Alikuwa amekaribishwa, amefungiwa mlango, amemiminiwa, na mwanamke amekaa mbele yake anangoja neno moja. Naye akanywa, akashukuru, akatoka. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, akatoka vilevile, mpaka homa ikaja. Mwandishi hakumsifu kwa subira. Alikuwa anamlilia kwa woga wake.

Mwinyimvua alitazama ng'ambo ya barabara. Badria alikuwa anampimia mteja bitana, na kando yake kigoda kilikuwa tupu. Alilia pale barazani mchana kweupe, fundi mzima na kofia yake, na gundi ikakauka ndani ya sufuria.

*

Elisaria alimkuta hivyo alipokuja kuazima mkasi. Akaoneshwa kurasa 192 na 193. Ni haki kusema kwamba alianza kwa kucheka, maana alikuwa ameungoja ushindi huo miaka ishirini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtazama rafiki yake vizuri, akaacha.

"Sasa unangoja nini, Mwinyi? Vuka."

"Siwezi. Ana posa ya mtu. Dini yangu hairuhusu mtu kuposa juu ya posa ya mwenziwe. Mpaka ijibiwe."

"Ijibiwe Ijumaa, na jibu likiwa ndiyo?"

"Basi itakuwa ndiyo."

Alilisema kwa unyonge, lakini Elisaria, anayewajua wateja wanaotafuta sababu ya kutonunua, alisikia ndani yake kitu kama ahueni. Jambo hilo lilimkasirisha.

"Unaona unavyofurahi? Umepata sheria ya kukunyamazisha! Haya, mimi si mtu wa dini yako, niambie. Imekataza kuposa. Imekataza fundi kumpelekea mteja kazi yake? Imekataza kumwambia mteja kwamba kitabu ulikosea kukishona?"

Mwinyimvua alifikiri. "Hilo haijakataza."

"Basi nenda kaseme hilo. La mbele litajijua."

Jumatano alishona. Alitumia uzi uliotiwa nta na kitambaa cha kijani kilichokuwa kimekaa sandukuni kwa ajili ya kazi ambayo hakuwahi kuijua ni ipi. Mafungu aliyahesabu mara tatu kabla ya kuingiza sindano, na kisu alikitumia kama mtu anayemnyoa mtoto.

Alhamisi saa nne kamili alivuka. Dukani walikuwepo wateja wawili, wanawake mafundi wa Mchikichini wanaogeuza nguo za mitumba, wanachagua zipu. Badria alimsogezea kigoda bila kumtazama. Mwinyimvua hakukaa. Aliweka kitabu juu ya meza ya duka.

"Kizuri," alisema Badria, akikipapasa. "Ahsante, Fundi."

"Bi Badria, nina jambo. Si posa, nisieleweke vibaya."

Wale wanawake wawili waliacha kuchagua zipu.

"Kitabu hiki na mimi ninacho. Nilikishona mwenyewe nikiwa kijana, nikalitia fungu la chai mwishoni. Namba nilizikata kwa kisu, sikujua. Kwangu mimi Sururu alikuwa anashinda. Nilidhani akikaa kimya vya kutosha..." Akalisawazisha jalada kwa kidole. "Juzi ndiyo nimejua kwamba alikuwa mjinga. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Kazi mbovu ni yangu."

Badria alikifunua kitabu, akakifunga. Halafu kicheko kikamtoka, kile cha kufika kwa wauza mabegi, akacheka mpaka machozi, na kati ya machozi hayo mengine yakawa si ya kicheko.

"Yaani mimi namimina chai miaka kumi na minne," akasema, "natia tangawizi, naacha wateja, najiuliza nina kasoro gani. Kumbe mwenzangu ananisubirisha kwa kurasa kumi na sita!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe leo. Nitaona." Akajifuta kwa upande wa mtandio. "Na kama ni posa ndiyo inayokuziba mdomo, ile niliijibu jana. Nimemwambia mjomba aseme hapana, ahsante."

"Ulisema Ijumaa."

"Nilisema nimepewa mpaka Ijumaa. Wala usijivune, si kwa ajili yako. Fikirini mtu mzuri, ila anataka nifunge duka nikakae Ilala nimpikie. Mimi na zipu zangu tumezoeana. Kaa, chai inapoa."

Mwinyimvua akakaa. Chai ilikuwa na tangawizi. Hakukuwa tena na posa ya mtu, wala sheria, wala ukurasa uliobaki. Alikunywa polepole. Badria alijishughulisha na boksi la vifungo ambalo halikuhitaji kushughulikiwa. Mmoja wa wale wanawake alimfinya mwenzake. Kikombe kikaisha.

Na mwili, jamani, una mazoea yake. Aliinuka. Aliweka kofia sawa, akafungua kinywa kusema haya, Bi Badria, tutaonana kesho, kama alivyosema siku zote hizo. Akamwona Badria amesita na kifungo mkononi, uso wake umeanza kufungika taratibu, uso wa mtu anayeujua mstari unaofuata.

Akakaa tena. Kigoda kililia.

"Nakupenda, Badria," akasema.

Ilitoka kwa sauti ya chini, yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka kuugua. Badria hakuinua macho.

"Hawa hawakusikia," akasema, akiwaelekezea kidole wale wanawake, ambao walikuwa wamesikia vizuri mno.

"Nakupenda," Mwinyimvua akarudia, kwa nguvu, na ng'ambo ya barabara beseni likaanguka kwa Elisaria. "Nakupenda, na nataka nikuoe, ukae na duka lako, na chai nitakupikia mimi."

"Hayo huniambii mimi dukani, Fundi. Hayo yana wenyewe." Sasa alikuwa akimtazama. "Tuma watu kwa mjomba."

"Nitatuma. Lini?"

Badria aliweka kifungo ndani ya boksi, akalifunika boksi, na sauti ikamkatika kidogo.

"Wewe mtu," akasema, "unaniuliza mimi lini?"